Mguu wa besi: mngurumo wa uzi wa D umekwisha

Jana usiku, baada ya wiki saba za kuhangaika, nilipiga besi, ile fidla kubwa, mazoezini tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuusikia ule mngurumo wa nyigu aliyefungiwa koponi, uliokuwa ukizuka kila nilipougusa uzi wa D.

Mguu wa zamani, yaani fimbo inayotoka chini ya besi na kuibeba sakafuni, ulikuwa umeliwa na kutu, kama kila chuma kinavyoliwa na hewa ya bahari hapa Unguja, nami nikaubadilisha kwa nondo laini ya chuma kisichoshika kutu, yenye kipenyo cha milimita 10 na urefu wa sentimita 50. Niliuacha mrefu kwa makusudi, ili niweze kupiga nikiwa nimesimama au nimekaa juu ya stuli, na niliiona hiyo kuwa busara. Mngurumo ulianza siku hiyo hiyo, lakini mimi, kwa ukaidi ambao sasa unanitia haya, niliwatuhumu wote isipokuwa mgeni. Niligonga maungio ya ubavu kwa vifundo vya vidole nikitafuta gundi iliyoachia, nikalisogeza daraja, nikaufunga kitambaa waya unaoshikilia kibao cha nyuzi, kisha nikaikaza skrubu ya mguu hata ikauchimba. Hakuna kilichobadilika.

Jibu lilikuja pale mwenzangu, aliye mrefu kunizidi, alipoazima besi na kuuvuta mguu nje kwa sentimita kumi zaidi: uzi wa D ukanyamaza, na mngurumo ukahamia kwenye sauti za juu. Kumbe kilichokuwa kikilia ni kile kipande cha nondo kilichobaki tumboni. Kwangu mimi sentimita 15 zilikuwa nje, 4 zimeshikwa na kizibo cha chini ambamo mguu hupita, na 31 zikining'inia ndani kama ulimi uliobanwa upande mmoja tu. Nilipopiga hesabu, ulimi wa chuma wa unene na urefu huo unatikisika takriban mara 73 kwa sekunde, na uzi wa D ulio wazi, yaani usiobonyezwa kidole, una mitikisiko 73.4. Uzi ulikuwa ukiusukuma ulimi kwa mwendo wake wenyewe, nao ukagonga mdomo wa kizibo.

Ulimi ukipunguzwa nusu ya urefu, mwendo wake huongezeka mara nne, kwa hiyo nilikata nondo ibaki sentimita 28, zikiwamo 9 tu za tumboni, na mwendo ukapanda hadi kama 870, ambako nyuzi za besi hazina nguvu ya kuutikisa. Kupiga nikiwa nimesimama nimekuacha. Kuhusu ukataji, msumeno wa chuma wenye meno 24 kwa inchi, mafuta kidogo na mkono wa polepole vinatosha. Anayeharakisha hukifanya chuma hiki kiwe kigumu zaidi pale pale anapokata, nami nilimaliza misumeno miwili ya bei rahisi kabla ya kukubali.

Nilikuwa karibu kuagiza mguu wa kaboni, ambao kwa urefu ule ungekuwa na gramu zisizozidi 70, wakati chuma kilikuwa na zaidi ya 300. Kaboni ni ngumu kwa wepesi wake, kwa hiyo mwendo wa ulimi ungehama, mngurumo ungeondoka kwenye D, nami ningeisifu kaboni kwa kazi iliyofanywa na urefu.

Hatua iliyopangwa kufuata ilikuwa raba ya ncha, kwa kuwa kipande cha soli ya kandambili nilichokivalisha kinateleza kwenye vigae vyenye vumbi, lakini nimeiweka kando. Fundi wa besi Mfaransa, Christian Laborie, alibuni mguu wa mti unaotoka kwa pembe kupitia tundu linalotobolewa kwenye gogo la mti lililo chini ndani ya besi, ambao mpiga besi François Rabbath aliutumia na kuutangaza, nami ninacho kipande cha mpingo kilichokauka vizuri. Keekee bado haijagusa gogo. Kwa sasa nimekata vipande vitatu vya kadibodi, kila kimoja na pembe yake, na kila jioni ninailaza besi juu yavyo kuona ni pembe ipi inayoupa bega langu raha.