Mpingo Uliopasuka Westport

Treni ya kwenda Westport inatoka stesheni ya Heuston, Dublin, na inachukua saa tatu na ushee. Siku mbili za Dublin naziruka: zilikuwa mvua tupu, na chumba cha euro 140 kwa usiku ambacho dirisha lake halikufunguka. Nilikuwa nakwenda magharibi ya Ayalandi kwa ajili ya sauti moja, filimbi ya mbao ya Matt Molloy kama inavyosikika kwenye santuri za The Bothy Band, kundi la muziki wa asili wa Ayalandi.

Kundi hilo lilifanya onyesho lake la kwanza tarehe 2 Februari 1975, Trinity College, Dublin. Halikudumu hata miaka mitano. Liliacha albamu tatu za studio, za 1975, 1976 na 1977, pamoja na moja ya jukwaani iliyorekodiwa Paris na kutoka mwaka 1979. Hizo tatu za studio unaweza kuzimaliza kabla treni haijafika Castlebar, kituo cha mwisho kabla ya Westport. Anza na ya 1975, inayofunguka kwa mfululizo wa jigi, yaani ngoma ya mapigo sita ya harakaharaka, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Filimbi ni ya Molloy, fidla ya Tommy Peoples (kuanzia albamu ya pili aliyeshika fidla ni Kevin Burke), na uilleann pipes ni za Paddy Keenan. Hizo pipes ni zumari la mfuko ambalo halipulizwi kwa mdomo. Upepo unatoka kwenye mvukuto unaobanwa kwa kiwiko.

Ala zote tatu zinapiga melodia ile ile. Hakuna sauti ya pili wala ya tatu. Tofauti iko kwenye mapambo. Mpiga filimbi anashika noti moja ndefu, anaikata kwa kunyanyua kidole cha juu, kisha anaigonga kwa kidole cha chini, na noti moja inasikika kama tatu bila ulimi kuguswa. Fidla inapamba pahali pengine, pipes pengine. Msikilizaji wa taarabu hana haja ya kuelezwa hili, maana ndivyo fidla, kanuni na akodiani zinavyotembea pamoja Unguja, wimbo mmoja, kila mkono na maringo yake.

Chini yao ndiko kulikokuwa na jambo jipya. Dónal Lunny anapiga bouzouki, ala ya Kigiriki iliyoingia muziki wa Ayalandi miaka ya 1960. Mícheál Ó Domhnaill ameziweka nyuzi za gitaa lake re-la-re-sol-la-re badala ya mpango wa kawaida. Mpango huo hauna ile noti inayoamua kama kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ni ya furaha au ya huzuni, hivyo melodia inabaki huru. Dada yake, Tríona, yuko kwenye clavinet, kinanda cha umeme chenye nyuzi ndani, na sauti yake kavu ndiyo inayosukuma kwa chini kama besi. Melodia ya kawaida ina sehemu mbili za vipimo (mafungu ya mapigo) vinane vinane, kila sehemu mara mbili, jumla vipimo 32, ambavyo kwa kasi yao ni kama nusu dakika. Wanaizungusha mara mbili au tatu, halafu wanarukia nyingine bila kupumua. Hapo ndipo damu inapochemka. Mara nyingi ufunguo, yaani noti ya msingi ya wimbo, unabadilika palepale, na filimbi ndiyo unayoisikia ikipanda.

Baada ya kundi kuvunjika Molloy aliingia The Chieftains, kundi jingine la muziki huo, mwaka 1979, na Westport ana baa yenye jina lake, Bridge Street. Mwaka 1992 ilitoka albamu iliyorekodiwa humo humo ndani. Ukitaka kujua jinsi chumba kidogo kilichojaa watu kinavyobana sauti, hiyo ndiyo ya kusikiliza.

Soda mbili na sahani ya supu na mkate mjini hapo vilinitoka euro 19. Ukipanga safari, weka akiba kubwa zaidi kwa ajili ya chakula kuliko nauli.

Nilizunguka baa mbili tatu, na tukio ninaloliandikia halikutokea kwa Molloy bali kwenye baa nyingine, saa nne na nusu usiku. Vikao vya muziki huchelewa kuanza. Ukifika saa moja jioni utakuta gitaa na kipaza sauti kwa ajili ya watalii. Viti vya pembeni mwa meza ya wapigaji usivikalie hata kama viko wazi. Simu ya kurekodi usiitoe kabla ya kuomba ruhusa, na ukiruhusiwa iweke upande wa fidla, mbali na ngoma, la sivyo utarudi nyumbani na mdundo mtupu.

Walikuwa watano. Mpiga filimbi, mzee wa miaka sitini hivi, alikuwa ameupa mgongo moto wa mabonge makavu ya udongo wa kinamasi, wanayochoma huko badala ya kuni. Alikaa hapo kwa muda wa saa mbili. Katikati ya mfululizo ukasikika mlio mfupi kama kijiti kinachovunjwa. Noti yake ya chini kabisa ikawa pumzi tupu.

Alisimama palepale na kuipeleka filimbi chini ya taa. Alitoa kichwa, kile kipande chenye tundu la kupulizia, akaziba tundu kwa kidole gumba, akaziba upande mmoja kwa kiganja na kunyonya hewa upande wa pili. Kichwa kizima hushika ulimi na kung'ang'ania. Hiki kiliachia mara moja. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, umefuata nyuzi za mti kutoka kwenye tundu hadi ukingoni.

Sababu haina fumbo. Ndani ya kichwa hicho mna bomba la chuma la kurekebisha kimo cha sauti. Pumzi ya mpigaji inalowesha ubao kwa ndani, na moto unaukausha kwa nje. Ubao ukikauka unasinyaa, lakini chuma hakisinyai, kwa hiyo ubao unabanwa mpaka unapasuka. Ndiyo maana Novemba ni mwezi mbaya kwa filimbi hizi, vyumba vinapoanza kupashwa joto. Dawa ni kuzihifadhi kwenye kisanduku chenye unyevu wa asilimia 50 hadi 60, kuzipaka mafuta ya lozi mara kwa mara, na filimbi mpya kuipiga dakika 10 au 15 tu kwa siku wiki za mwanzo. Uzi unaozungushwa kwenye maungio nao usiwe mnene. Ukikaza mno, ungio linapasua kipande kinacholivaa.

Akauzungushia ufa tepu nyembamba nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko sita, akiivuta ibane. Akajaribu tena kunyonya. Ikashika. Fundi atakuja kuingiza gundi na pengine kuvisha pete ya fedha, lakini tepu inatosha kumaliza usiku.

Nikamuuliza ni mti gani. Akajibu, "Mti mweusi wa Afrika, ndugu yangu. Sijui wa nchi gani."

Nikamwambia, "Mzee, huo ni mpingo. Ni mti wa taifa letu, Tanzania."

Alinipa kile kipande nikishike. Kizito kuliko umbo lake, maana mpingo ukiutupa majini unazama. Filimbi za Kiingereza za karne ya 19 zilitengenezwa zaidi kwa mti wa Karibi uitwao cocus. Okestra zilipohamia filimbi ya kisasa, zile za zamani ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na ndivyo zilivyofika kwa wakulima wa Ayalandi, huko Roscommon na Sligo. Leo mafundi wengi wanatumia mpingo. Kinachofaa ni kiini cheusi peke yake. Tabaka lake la nje, jeupe lenye umanjano, linachongwa na kutupwa, magogo yamepinda na mengine yana uwazi katikati, hivyo katika mti ulioota miaka sabini kinachofika kwenye ala ni kipande kidogo sana.

Huko Lindi na Kilwa mpingo tunaujua kwa vinyago vya Wamakonde, na kwa malori. Watu wengi wa vijiji unakokatwa hawajawahi kusikia unavyolia. Hilo liliniuma kuliko bei ya chumba. Nilimweleza, akasikiliza hadi mwisho, kisha akahamisha kiti chake upande wa mlango, mbali na moto. Akaanza rili, ngoma ya mapigo manne, peke yake, taratibu, akishuka kila mara kwenye noti ile ya chini. Ilitoka nzito, imejaa. Fidla ikaingia mzunguko wa pili.