Ndege zipangwe kwa ajili ya wazee walioko kwenye viti

Ukimwambia mtu mnaandaa ndege za vita za zamani zipite angani kuwaenzi wazee waliopigana, swali lake la kwanza ni zitakuja ndege ngapi. Mi nimeshiriki kuandaa hizi shughuli na swali langu la kwanza siku hizi ni wazee watakaa wapi, watatazama upande gani na jua litakuwa wapi saa hiyo. Kijana aliyekuwa na miaka 18 vita vya pili vya dunia vilipoisha 1945, mwaka 2025 katimiza 98. Mtu wa umri huo hawezi kugeuza shingo kukimbizana na ndege, wengine wako kwenye viti vya magurudumu, na ndege inayokwenda kilomita 360 kwa saa inakata mita 100 kila sekunde, yaani ukisema "ile pale" ishapita. Kwa hiyo njia ya ndege ichorwe kuanzia kwenye viti vyao, ndege itokee mbele yao waione ikija tangu mbali, na mshereheshaji aitaje kabla haijafika maana ikishafika juu hakuna atakayemsikia.

Mfano ninaoupenda sana ni wa Washington, tarehe 8 Mei 2015, miaka 70 tangu vita viishe Ulaya. Anga la pale huwa limefungwa kwa ndege ndogo na siku ile likafunguliwa kwa makumi ya ndege za zamani, zikapita kwa makundi kufuata mtiririko wa vita vyenyewe, P-40, ndege ya kivita ya Wamarekani, kwa ajili ya Pearl Harbor, kambi yao iliyoshambuliwa na Wajapani 1941, B-25, ndege ya kudondosha mabomu, kwa ajili ya shambulio lililoongozwa na rubani Doolittle juu ya Japani 1942, na kuendelea. Huo mpangilio ndio uliobeba shughuli. Mzee aliyekuwa kwenye kikosi fulani anajua zamu yake inakuja, anajiandaa, na familia yake inajiandaa naye. Ndege zikipita kwa fujo zote kwa pamoja inabaki kelele tu, watoto watashangilia sawa, ila mzee hajatajwa.

Sasa kazi yenyewe iko kwenye mwendo. Stearman, ile ya mafunzo yenye mabawa mawili mawili, inatembea kama kilomita 160 kwa saa, na P-51 Mustang, ndege ya kivita, inaweza kwenda zaidi ya mara mbili ya hapo bila kujikaza, sasa ukiziachia zote zitoke sehemu moja kwa muda mmoja zitafikiana njiani. Kila kundi linapewa mahali pake pa kuzunguka likisubiri, urefu wake wa kurukia na dakika yake ya kutoka, halafu marubani wote wanakaa chini asubuhi wanapitia hayo mpaka kila mtu ayaseme mwenyewe. Hapa sitaki mzaha kabisa. Dallas, tarehe 12 Novemba 2022, B-17, ndege kubwa ya kudondosha mabomu, na P-63, ndege ndogo ya kivita, ziligongana kwenye maonyesho wakafa watu 6, na wachunguzi walikuja kusema hapakuwa na mpango wa kutosha wa kuzitenganisha uliojadiliwa kabla ya kuruka. Mawingu yakishuka futa shughuli, na wazee wenyewe ndio wa kwanza kukuelewa maana wamezika wenzao wengi.

Na uwaache mafundi wafanye kazi yao. Zile injini za silinda zilizopangwa kwa duara, ndege ikikaa muda oili inashuka kwenye silinda za chini, ukiwasha hivyo hivyo pistoni inagonga oili isiyobanika na unaharibu injini ambayo vipuri vyake ni vigumu kupata. Ndio maana utaona watu wamesimama mbele ya ndege wanasukuma propela kwa mikono, panga moja baada ya jingine, taratibu, wakisikilizia kama kuna inapogoma. Inachukua muda, na ratiba yako iwe imeuhesabu huo muda.

Mwishoni watu huweka ndege nne, moja inachomoka na kupanda juu peke yake, nafasi yake inabaki wazi, kwa ajili ya waliokufa. Naomba hotuba zote ziwe zimeisha kabla ya hapo. Wazee huwa wanalia pale, waacheni walie, na mgeni rasmi asishike maiki.

Kama unaandaa, tenga pia pesa ya mabasi yenye lifti ya kushusha viti vya magurudumu, ndege zikishatua wapelekwe uwanjani wazishike. Tulimpeleka mzee mmoja aliyekuwa fundi wa injini wakati wa vita, akaingiza mkono chini ya kifuniko cha injini bila kutazama, akaanza kumweleza fundi kijana bomba gani huwa linatangulia kupasuka, na yule kijana akatoa daftari akawa anaandika. Wakakaa pale mpaka dereva wa basi akaja kuuliza kama aondoke awaache.