Noti za Mjomba

Bahasha ilikuwa ya kaki, imekunjwa mara mbili. Mama aliitoa chini kabisa ya sanduku lake usiku wa kuamkia safari yangu, akaiweka juu ya kitanda na kuniambia, "Hesabu mbele yangu." Nikahesabu. Noti nne za rial kumi kumi, na noti mbili za rial tano tano, zote za Oman, zote na sura ya Sultan Qaboos, zinanukia udi na karafuu kama nguo zake za sikukuu. Jumla rial 50.

Ilikuwa Februari 2025. Nilikuwa nakwenda Muscat kwa wiki mbili kuwatembelea watoto wa mjomba, na ndiyo ilikuwa likizo yangu ya kwanza nje ya Afrika Mashariki. Mjomba mwenyewe alikwishafariki, mwaka 2022, baada ya kulala kitandani karibu miaka miwili. Alihamia huko miaka ya sabini, Sultan Qaboos alipokuwa amekwishashika utawala na watu wengi wenye asili ya Oman waliokuwa Unguja na Pemba wakaenda kuanza maisha upya. Kila alipokuja kututazama, siku ya kuondoka alikuwa akimshika mama mkono wa kwaheri, na mkono ukiachiwa mna noti ndani yake. Mama hakuivunja hata moja. Alikuwa akiziweka kwa siku ambayo angekwenda mwenyewe kumtazama kaka yake. Magoti yakamkatalia, ikaja korona, halafu ikaja simu ya msiba.

"Yupo kijana wa Bangladesh pale nyumbani," akaniambia. "Ndiye aliyekuwa akimgeuza, akimkosha, akimlisha. Mimi, tumbo moja na yeye, sikuwahi kumpa hata funda la maji. Mpe zote. Mwambie zimetoka kwa dada yake."

Nikaitia bahasha ndani ya Msahafu wangu mdogo, nikafunga zipu ya mkoba.

Fedha zangu mwenyewe zilikuwa dola 400. Nilizipata benki kwa shilingi kama 2,500 kwa dola moja, bila ya ile tabu ya 2023, wakati dola zilipokuwa adimu nchini na mtu unaambiwa njoo kesho, njoo kesho kutwa. Niliomba za mia mia, mpya, zisizo na mkunjo wala muhuri. Aliyekulia Unguja analijua hilo: noti ya mia inapata bei nzuri kuliko ya kumi au ya ishirini, na iliyochanika pembe au ya miaka ya zamani itarudishwa dirishani. Nilizikagua moja moja kwenye mwanga. Za mama sikuzikagua. Zilikuwa safi, hazina doa, na kwangu mimi zilikuwa amana, si fedha ya kutiliwa shaka.

Siku za mwanzo nilikuwa mgeni wa hesabu. Rial moja ni dola 2.6, na haitikisiki, maana imefungwa kwenye dola kwa bei hiyo tangu 1986. Kwa hiyo kila kitu nilikizidisha kwa 6,500 kichwani kabla sijakigusa. Soko la Mutrah niliona kashida imeandikwa 4.500, nikasimama. Kaka yangu, mtoto mkubwa wa mjomba, akanielewesha kwamba rial haina senti mia bali baisa 1,000, ndiyo maana baada ya nukta kuna tarakimu tatu. Ile kashida ni rial nne na nusu. Baisa na pesa ni neno moja, yote mawili yametoka paisa ya Kihindi, na nilipolijua hilo zile sarafu ndogo zikaacha kuwa ngeni mkononi mwangu.

Jioni hiyo tulikunywa karak, chai ya maziwa ya huko. Huko hushuki garini: unasimama mbele ya mkahawa, unapiga honi kidogo, kijana anakuja dirishani kuuliza vikombe vingapi. Chai ilikuwa baisa 100 kwa kikombe. Kaka akatoa noti ya nusu rial kwa vikombe vitatu na kumwachia chenji. Nikamuuliza kama ni lazima.

"Si lazima," akasema. "Hapa bakshishi si desturi kubwa, usipotoa hakuna anayekukodolea macho. Lakini huyu amesimama tangu asubuhi, na baisa mia mbili hazinipunguzii kitu."

Nilimsimulia habari ya bahasha. Akanyamaza, akazungusha kikombe. Alikuwa akijua kijana ni nani na alifanya nini, kuliko mimi. Akasema fedha ile isiitwe bakshishi wala nisimpe mbele ya watu, kwa sababu kijana analipwa mshahara wake na asije akadhani anaongezewa kazi. Mambo mawili haya, ujira na ahsante, alitaka nisiyachanganye, na naona alikuwa na haki.

Mambo yakaharibika Ruwi, mtaa wa biashara wa Muscat. Tulikwenda duka la kubadilishia fedha ili mimi nivunje dola, na nikaona ni vizuri zile za mama nazo nizibadilishe ziwe noti kubwa mbili tatu, zikae vizuri ndani ya bahasha mpya. Ndani kulikuwa na foleni ndefu ya wafanyakazi, wengi na nguo zao za kazi, kila mmoja na kitambulisho chake cha ukaazi na kikaratasi cha namba ya akaunti ya nyumbani. Maduka yale ndiyo hayo hayo yanayotuma fedha India, Pakistan na Bangladesh. Juu ukutani bei za nchi zote zinawaka kwa taa nyekundu.

Noti zangu mbili za dola mia bwana wa dirishani alizipokea bila neno. Nikapata rial 76 na baisa 400. Nikapitisha na bahasha. Yule bwana wa dirishani akazitandaza noti sita, akazitazama, akazikusanya tena taratibu na kunirudishia kwa mikono miwili.

"Hizi hazipiti tena, dada. Mwisho ilikuwa tarehe 31 Desemba."

Nilidhani sikusikia. Kaka akamuuliza kwa Kiarabu, akajibiwa lile lile. Benki Kuu ya Oman ilitangaza tangu Januari 2024 kwamba noti za matoleo ya kabla ya 2020 zinaondolewa, na watu walipewa karibu mwaka mzima wa kuzibadilisha. Kaka alizibadilisha zake na hakuwahi kufikiri kwamba ndani ya sanduku Unguja kuna nyingine. Mimi nilikuwa nimechelewa kwa wiki sita.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa na sababu ya kuuliza. Januari 2025, mwezi mmoja kabla ya safari, redio nyumbani ilikuwa ikitangaza kila siku kwamba Benki Kuu ya Tanzania inaziondoa noti za zamani, zile za kuanzia 1985 hadi 2003, na kwamba watu wazibadilishe kati ya tarehe 6 Januari na tarehe 5 Aprili. Mama alilisikia tangazo na akaanza kupekua mifuko yake. Nilikaa naye pale sebuleni. Haikunijia kabisa kwamba na wenzetu wanaweza kuwa na tangazo lao.

Ndani ya gari kaka akatoa pochi yake. "Chukua hamsini, zitie ndani ya bahasha. Shangazi hatajua."

Nilikataa. Nilimwambia ahsante ya mama haiwezi kutoka mfukoni kwa mtu aliyekuwa tayari analipa mshahara. Ilitakiwa itoke upande wetu, watu tuliokuwa mbali. Nikahesabu rial 50 katika zile 76 zangu, nikabaki na 26 na chenji, na zile noti mbili za dola mia nilizokuwa nimezitenga moyoni kwa zawadi za watoto. Kashida ya Mutrah sikuirudia. Sijutii.

Kijana nilimkuta uani anamwagilia maji mpapai aliouotesha mjomba. Mwembamba, nywele zimeanza mvi pembeni. Kijana ni jina tu la nyumbani, nadhani amenizidi umri. Kaka aliingia ndani makusudi akatuacha. Kiarabu changu ni cha chuoni, na chake ni kile cha wafanyakazi wa Ghuba, cha maneno mawili matatu. Nikamwambia, dada yake Baba, kule Zanzibar, anakushukuru. Nikampa bahasha.

Aliipokea kwa mikono miwili, hakuifungua. "Baba wajid zen," akasema. Baba mtu mwema sana. Halafu akaangalia chini na kuanza kuhesabu kwa vidole, na maneno yaliyomtoka hayakuwa Kiarabu wala Kibangla.

"Maji," akasema. "Geuza. Taratibu. Baridi. Pole, pole."

Nilikaa juu ya ngazi ya uani kwa sababu miguu ilininyima nguvu. Mjomba, miezi ile ya mwisho, Kiarabu kilimtoka chote. Alirudi kwenye Kiswahili cha utotoni, na watoto wake wakiwa kazini mchana kutwa, aliyebaki kumsikiliza ni mtu huyu. Alikuwa amejifunza maneno yale kama mtu anavyojifunza wapi pa kushika ili asimuumize mgonjwa. Nikamuuliza kama kuna mengine. Akafikiri. "Dada," akasema. "Baba sema dada, dada." Alikuwa hajui maana yake. Nikamweleza.

Ijumaa jioni alituomba tumchukue Ruwi. Lile lile duka, lile lile dirisha. Alituma rial 40 kwa mkewe na kumi akabaki nazo. Rial moja siku hiyo ilikuwa zaidi ya taka 300, fedha ya Bangladesh, na nilimwona anavyoifuata kwa macho ile namba kwenye karatasi, akairudia kwa midomo, kisha akaikunja risiti na kuitia mfuko wa kifua.

Mama nilimpigia usiku. Nilikusudia nimwambie tu kwamba amana imefika, na ndivyo nilivyoanza. Lakini alipouliza kijana alizipokeaje zile noti, sikuweza kumdanganya. Nikamwambia yote: tarehe, dirisha, dola zangu, na yale maneno ya Kiswahili. Kwenye "dada, dada" nilisikia simu imewekwa chini juu ya meza, na kwa muda mrefu hakukuwa na sauti isipokuwa feni ya sebuleni kwetu.

Aliporudi kwenye simu alikuwa ametulia. "Basi nirejeshee," akasema. "Ni za kaka yangu."

Nikazirejesha, ndani ya Msahafu kama zilivyokwenda.

Mwezi wa Machi, katikati ya Ramadhani, nilimpeleka mama benki na noti zake za zamani za Tanzania. Alikuwa na mfuko wa plastiki: za mia tano, za elfu, chache za elfu tano, nyingine laini kama kitambaa kwa kukaa. Kijana wa benki alizihesabu kwa subira na kumwandikia. Alipomaliza akamuuliza, "Bibi, zipo nyingine za zamani umezisahau? Mwisho tarehe tano Aprili, baada ya hapo hazitakuwa na kazi."

Mama alikuwa ameukumbatia mkoba wake kifuani. Nilijua bahasha ya kaki imo, kwa sababu nilimwona asubuhi akiitia.

"Hakuna, mwanangu," akamjibu. "Zilizobaki zina kazi."