Nilivyopata bei ya Datsun 240Z bila kudanganywa na rangi

Nililala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, tochi mdomoni, mkononi nina sumaku ndogo niliyoizungushia kitambaa nisije nikakwaruza rangi. Nilikuwa naipitisha taratibu ubavuni mwa Datsun 240Z ya rangi ya machungwa. Mlangoni iling'ang'ania kama kupe. Ilipofika nyuma ya mlango, kile kipande cha bodi kinachoteremka mbele ya tairi la nyuma, ikanidondokea kifuani. Nikairudisha. Ikadondoka tena. Kwa macho, pale palikuwa laini kuliko sehemu nyingine yoyote ya gari.

"Vipi bosi, chuma hicho, sivyo?" muuzaji akauliza kutoka juu. Tochi ilikuwa mdomoni, sikuwa na la kumjibu.

Mpaka dakika ile nilikuwa nimeshajiona mwenye gari. Nililitamani tangu utotoni, na ukishatamani kitu kiasi hicho huna macho. Ndiyo maana nilikuwa nimejiwekea sharti moja kabla ya kwenda kuliona gari lolote: bei niwe nayo kichwani tayari, imeandikwa, kabla sijasikia mlio wa injini. Maana L24, injini yake ya kiwandani ya silinda sita, ikishanguruma, hesabu huwa zinapotea.

Kuipata hiyo bei ndiko kulikonichukua muda. 240Z haikuzaliwa kuwa gari la matajiri. Nissan, wenye chapa ya Datsun, walianza kuiuza mwishoni mwa 1969, na mwaka 1970 kule Marekani bei yake rasmi ilikuwa dola 3,526. Zilitengenezwa nyingi sana, zikaendeshwa, zikaozeshwa na kutu, zikatupwa. Zilizobaki ndizo zinazogombaniwa sasa. Halafu Januari 2020 moja ya 1970, yenye maili 21,000 na ushei tu, ikauzwa kwenye mnada wa mtandaoni kwa dola 310,000. Tangu hapo kila mwenye mkweche uliokaa bandani ananitajia mnada ule. Ni kama mtu adai ng'ombe wake auzwe bei ya yule aliyeshinda maonyesho, kwa kuwa wote wana pembe.

Na hadithi ya Safari nayo inaingizwa kwenye bei. Kweli 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, na mimi nalipenda gari hili kwa sababu hiyohiyo. Lakini wauzaji wawili tofauti waliniambia habari hiyo kwa namna ambayo ungedhani gari lao ndilo lililovuka yale matope.

Basi bei za kwenye matangazo nikaziacha kabisa. Nikafungua daftari nikawa naandika magari yaliyokwisha kuuzwa tu, yaani ambapo mtu alitoa pesa akaondoka na funguo. Kila moja niliandika mwaka, hali yake, injini ni ileile ya kiwandani au imebadilishwa, na kilicholipwa. Hali niliipima kwa ngazi nne, zile wanazotumia Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya zamani, katika mwongozo wao wa bei: namba 1 ni gari la maonyesho lisilo na dosari, 2 ni zuri sana, 3 ni zuri la kuendesha lenye kasoro ndogondogo, 4 linatembea lakini kasoro zake unaziona ukiwa mbali. Wauzaji wote duniani wana namba 2. Nilipoanza kukagua picha kwa makini nikaona nyingi ni 3, na nyingine 4 iliyooshwa.

Baada ya miezi kadhaa daftari likawa na magari ya kutosha. Nikalitupa la bei ya juu kabisa na la chini kabisa, yaliyobaki ya namba 3 nikayatafutia wastani. Huo wastani ndio nitauita 100 hapa, ili nisiwachanganye na sarafu.

Lile la machungwa lilikuwa linauzwa 115, kwa maelezo kwamba ni namba 2, la mwaka 1970, injini ya asili.

Nikaanza na mwaka. 240Z za mwanzo kabisa zina matundu mawili ya kupitishia hewa kwenye mlango wa nyuma, chini ya kioo. Mwaka 1971 matundu hayo yakahamishiwa kwenye nguzo za pembeni, nyuma ya madirisha, yakafunikwa na nembo ya duara yenye herufi Z. Za mwanzo zinalipiwa zaidi. Hili lilikuwa na zile nembo za duara kwenye nguzo. Mlango wa nyuma unaweza kubadilishwa kwa saa moja. Nguzo ni bodi yenyewe. Kwa hiyo "la 1970" likafutika, na pointi kadhaa zikaenda nalo.

Kisha injini. Nilikuwa nimemwomba muuzaji kwa simu asiliwashe kabla sijafika, maana injini ikiwa baridi ndiyo husema ukweli: utaona moshi wa buluu wa oili, utasikia valvu zikigonga, utajua kama linawaka kwa shida. Nilipofika nikaweka kiganja juu ya boneti. Ya moto. Alikuwa "amelisogeza kidogo tu kivulini." Nikafungua boneti, nikasoma kile kibati cha kiwandani kinachotaja ujazo wa injini, sentimita za ujazo 2,393, pamoja na namba yake. Nikapangusa uchafu kwenye bloku, chini kidogo ya kichwa cha silinda, nikamulika. Namba iliyogongwa pale ilianza na L28, si L24.

Yaani injini ilikuwa imetolewa kwenye gari jingine, kama 280Z. Kwa kuendesha, si hasara; L28 ni kubwa zaidi na ina nguvu, na wapo wanaoitafuta makusudi. Ila anayenunua kwa bei ya gari lenye namba zinazolingana anauziwa kitu ambacho hakipo. Nilipomwonyesha akasema, "Hiyo ni bora zaidi, bosi, nimekufanyia upgredi." Kweli inaweza kuwa bora. Bei yake ni nyingine.

Ndipo nikaingia chini na sumaku. Baada ya pale ilipodondoka, nikaazima kipimo cha unene wa rangi cha rafiki niliyekwenda naye. Rangi ya kiwandani kwa kawaida ni mikroni 100 hivi, mpaka 150. Ikipigwa mara ya pili utakuta 200 au 300, na hilo si dhambi kwa gari la nusu karne. Nyuma ya mlango kipimo kilisoma zaidi ya 1,500. Hiyo ni puti, ile ya kuzibia bodi ambayo sumaku haiishiki, na puti haiwekwi mahali bila sababu. Nikainua zulia upande wa dereva nikaona bati jipya limechomelewa juu ya bati lililooza, bila kulikata lile la chini. Reli za chesisi zilikuwa zimepakwa lami nyeusi mbichi, nene. Lami mbichi chini ya gari kuukuu mimi naichukulia kama pazia.

Hapa ndipo nilipojifunza kwamba ile hesabu ya "chukua bei ya zuri, toa gharama za matengenezo" ina mpaka wake. Kwa breki, tairi, kabureta, inafanya kazi, kwa kuwa gharama zinajulikana. Kutu ya kwenye reli haijulikani. Fundi akianza kukata ndipo anaona ilipoishia, na mara nyingi inaishia mbali. Kuna 240Z zinazomaliza pesa nyingi kuliko thamani yao hata ukipewa bure. Nilimshukuru muuzaji nikaondoka bila kutaja bei. Angefika 60 nisingelichukua, na nilijua ningemfikisha hapo ningeanza kujidanganya.

Gari la pili ndilo ninalo mpaka leo. Mwaka 1972, nyeupe iliyofifia ikawa kama maziwa yaliyokaa, na bonde dogo kwenye fenda ya mbele. Mwenyewe mzee mstaafu. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia, akaniletea kiti, kisha akaniwekea mapajani boksi la risiti. Alikuwa anataka 85.

"Jumlisha mwenyewe, mwanangu. Nimetia humu zaidi ya ninachokuomba."

Nikajumlisha, na kweli alikuwa ametia zaidi. Kwa heshima nikamweleza nilivyoona mimi: risiti zile zinaniambia gari limetunzwaje, na kwa hilo naziheshimu, lakini klachi aliyoilipia miaka 14 iliyopita ameshaitumia mwenyewe. Akacheka, akasema mkewe naye humwambia hivyohivyo.

Nikamwomba nianze kukagua. Boneti baridi. Likawaka kwa choki mara ya pili, moshi mweupe kidogo, ukaisha. Kompresheni ya silinda zote sita ilitofautiana chini ya asilimia 10. Namba ya bloku ilianza na L24, na ikalingana na ya kwenye kibati tarakimu kwa tarakimu. Kipimo cha rangi kilisoma 110, 130, 120, isipokuwa ile fenda yenye bonde, 280. Fenda za mbele za gari hili zimefungwa kwa bolti. Nikatazama vichwa vya bolti, rangi yake imekwaruzwa na spana, yaani fenda iliwahi kufunguliwa. Nikamwuliza. "Niligonga geti," akasema bila kupepesa. Jibu hilo lilinitia imani kuliko risiti zote.

Kutu ilikuwepo, maana 240Z isiyo na kutu sijawahi kuiona. Chini ya betri asidi ilikuwa imekula tundu la kupitisha kidole gumba. Sakafu ya dereva ilikuwa laini kwenye kona. Nikapiga reli kwa mpini wa bisibisi kutoka mbele hadi nyuma, mlio ukawa mkavu kote, mlio wa chuma kizima. Tairi zilikuwa na kashata ndefu, zinaonekana mpya kabisa, mpaka nilipotafuta ule msimbo wa DOT ubavuni: tarakimu nne za mwisho 2309, wiki ya 23 ya mwaka 2009. Raba ile ilikuwa imeshakuwa mbao.

Nikakaa pembeni nikaandika. Tairi na breki 6. Mabushi na shokomzoba 5. Kuchomelea pale chini ya betri na sakafu 8. Kabureta zote mbili kufanyiwa ovahoo 3. Raba za milango na vioo 4. Dashibodi, iliyopasuka sehemu tatu, 5. Jumla 31. Nikatoa 31 kwenye 100, ikabaki 69, na nikatoa nyingine 7 kwa yale nisiyoyaona. 62.

Nikampa mzee karatasi yenyewe badala ya kumtajia bei hewani. Watu wengi huona hilo kama kujifunga mikono, lakini kubishana juu ya klachi ni rahisi kuliko kubishana juu ya heshima ya mtu. Akavaa miwani. Akasoma mstari kwa mstari, akitikisa kichwa kukubali. Alipofika mwisho akaweka kidole.

"Dashibodi umenikata kwa nini? Hayo magari mengine uliyoyaandika kwenye daftari lako, dashibodi zao zilikuwa nzima?"

Nikafungua daftari. Karibu yote ya namba 3 yalikuwa na nyufa. Ndilo jua linavyozifanya. Yaani 100 yangu ilikuwa ni bei ya magari yenye dashibodi zilizopasuka, na mimi nilikuwa nikimtoza mzee kasoro ambayo soko lilikwisha kuitoza. Muuzaji angekuwa dalali, labda ningenyamaza. Nikairudisha ile 5. Tukapeana mkono kwenye 67.

Ile 7 ya yasiyoonekana haikutosha. Wiki ya tatu gari likaanza kukohoa na kuzima, nikafungua filta ya petroli nikakuta uji wa kahawia: tangi lilikuwa limeota kutu kwa ndani kwa kusimama muda mrefu. Tochi niliyokuwa nayo siku ile ilitosha kabisa kumulika mdomo wa tangi, ila sikuwaza. Kulisafisha na kulipaka dawa kukanila 5. Kisha usiku mmoja nikanusa plastiki ikiungua. Kwenye 240Z umeme wote wa taa kubwa hupitia kwenye swichi ya pale kwenye usukani, na ikichoka inapata moto mpaka inayeyuka. Swichi, sanduku la fyuzi na kuongeza relei, 4. Dashibodi sijaigusa. Kwa hiyo 67, na 26 za orodha bila dashibodi, na hizi 9, nimefika 102.

Nilimpigia mzee nikamsimulia habari ya swichi, si kwa kulalamika. Akanyamaza kidogo.

"Siku ile ungewasha taa ukaziacha dakika kumi, halafu ukaigusa," akasema. "Mimi mbona nilikuwa siendeshi usiku. Ningekupunguzia."