Kiboko wa Tinga Tinga Tales: jinsi mnyama bapa anavyotembea

Kwa nini nyoka hana miguu? Kwa nini kiboko hana manyoya? Kwa nini popo huning'inia kichwa chini? Waliokuwa wadogo mwaka 2010, Tinga Tinga Tales ilipoanza kuonyeshwa, bado wanayakumbuka maswali hayo, na majibu yake pia. Ilikuwa katuni ya visa 52, kila kimoja cha dakika 11 hivi, iliyotengenezwa Nairobi kwenye studio ya Homeboyz kwa ushirikiano na kampuni ya Uingereza, Tiger Aspect. Muziki ulikuwa wa Eric Wainaina. BBC waliirusha kwenye chaneli yao ya watoto, CBeebies, na Disney nao wakaichukua.

Jina halihusu trekta la kusukuma udongo. Linatokana na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972. Alipaka rangi ya mafuta inayong'aa kwenye hadibodi za mraba. Nyuma ya mnyama kulikuwa na rangi moja tupu, hakuna upeo wa macho wala kivuli, na mwilini nukta zimepangwa kama ushanga. Katuni iliushika mtindo huo bila kuulainisha, na ndiyo sababu inapendeza hadi leo. Mnyama hageuki mviringo kama wa katuni za kompyuta za siku hizi. Anabaki bapa, na mwendo wake wote unatoka kwenye viungo.

Mwendo wa namna hiyo unaweza kutengenezwa mezani kwa boksi, mkasi na simu: unampiga mnyama picha, unamsogeza kidogo, unapiga tena, na picha zikifuatana haraka anaonekana anatembea. Mtoto wa miaka sita akisaidiwa anauweza.

Anza na kiboko, maana umbo lake ni nene na miguu yake mifupi, hivyo makosa madogo hayaonekani. Mchore ubavuni, urefu wa sentimita 14, kwenye boksi jembamba kama la nafaka ya asubuhi. Kata vipande saba: kiwiliwili, kichwa, taya la chini na miguu minne. Mkia uchore moja kwa moja kwenye kiwiliwili. Wengi hukosea kwenye kukata mguu. Wanaukata pale unapoonekana kuishia, wanaubandika, kisha ukisogezwa nyuma linatokea pengo na rangi ya nyuma inachungulia. Sehemu ya juu ya mguu lazima iwe duara kamili, iingie chini ya kiwiliwili kwa sentimita moja na nusu au zaidi, na tundu la kiungo likae katikati ya duara hilo. Hapo mguu utazunguka upande wowote bila kufichua kitu.

Kwa kiungo, toboa kwa sindano nene, pitisha uzi wa kushonea viatu, piga fundo mbele na nyuma. Fundo lisibane sana wala lisilegee: mguu usogee ukisukumwa kwa kidole, na ukiachwa ubaki pale pale. Ukilegea utateleza kati ya picha moja na nyingine, na kiboko ataonekana ana kifafa. Waya mwembamba uliokunjwa ncha nao unafaa.

Paka rangi kabla ya kuunga. Hapa inabidi tumwache Tingatinga kidogo: rangi ya mafuta inang'aa, na mng'ao huo kwenye kamera hugeuka doa jeupe linalohama kila mguu unaposogea. Tumia rangi ya maji ya shuleni, matabaka mawili, la kwanza likauke kabisa. Nukta weka mwishoni kwa kitako cha njiti ya kiberiti. Njiti ichovye upya kila baada ya nukta tatu, la sivyo zitafifia kuelekea mwisho wa mstari. Karibu na kiungo acha nafasi ya upana wa kidole bila nukta, kwa sababu mguu ukizunguka, mstari wa nukta unaovuka kiungo hukatika na jicho la mtazamaji linakimbilia hapo.

Visa hivi vina jambo moja la kupangia mapema. Mnyama huanza akiwa tofauti na tumjuavyo: nyoka ana miguu, tembo hana mkonga. Kwa hiyo kinachobadilika kikate kando, kishikize kwa plastisini nyuma, ili kitoke au kiingie katikati ya kisa bila kumchora mnyama upya. Kwa kiboko wetu ni manyoya: mfunike kwa kipande cha karatasi kilichochanwa kingo. Kiondoe vipande vipande, si kwa mpigo mmoja.

Kwa nyuma, karatasi ngumu ya ukubwa wa A3 yenye rangi moja inatosha. Igandishe mezani kwa gundi ya karatasi pembe zote nne. Simu ilale juu yake ikitazama chini, kwenye ubao uliolazwa kati ya viti viwili, ubao wenye tundu au ukingo wa kuachia kamera wazi. Weka taa mbili, moja kila upande, ziangaze kwa mshazari. Funga mapazia. Mwanga wa dirishani unapendeza kwa picha moja, ila wingu likipita katikati ya kazi, filamu itakuwa inawaka na kuzima. Shikilia kidole kwenye kioo mpaka simu ifunge fokasi na mwanga, na upige picha kwa kitufe cha sauti cha waya wa masikioni. Ukigusa simu yenyewe, dunia nzima ya kiboko itatikisika.

Picha 12 kwa sekunde zinatosha. Sekunde kumi ni picha 120, kazi ya saa mbili hivi kwa anayeanza, basi kisa cha kwanza kisizidi hapo. Kiboko akianza kutembea msogeze milimita 2, kisha 4, kisha 6, na akikaribia kusimama rudi 4, 2. Ukisogeza kipimo kimoja mwanzo hadi mwisho, ataonekana anavutwa kwa kamba. Miguu iende kwa jozi za mshazari: wa mbele kulia pamoja na wa nyuma kushoto. Kila hatua moja ipe picha nane. Mwili uinuke milimita moja miguu inapopishana na ushuke inapotanuka. Uzito wa kiboko umo kwenye hiyo milimita moja.

Sauti irekodiwe kwanza, kabla ya picha hata moja. Ukipiga picha kwanza, msimulizi atalazimika kukimbizana na mdomo. Sikiliza rekodi, andika kila silabi imeangukia picha ya ngapi. Kiswahili kinarahisisha sana kazi hii, kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu. Taya likiwa wazi kabisa ni "a", nusu ni "e" na "o", kidogo ni "i" na "u". Kwa "m", "b" na "p" lifunge, hata kama ni kwa picha moja tu. Neno "kiboko" basi ni: kidogo, funga, nusu, nusu. Funga hiyo ya "b" ndiyo inayomfanya mtoto aamini kwamba kiboko ndiye anayesema. Ukiiruka, taya linapiga tu kama mlango kwenye upepo.

Mnyama asiye na pua ndefu, kama bundi, hana taya la kufungua. Mtengenezee midomo mitatu ya karatasi na uibadilishe kwa kibano cha nyusi, ukiwa umeweka alama mbili ndogo za penseli usoni ili mdomo urudi pale pale kila mara. "Paukwa" ina silabi tatu, na "u" ya katikati ina zamu yake. Anzia hapo, na upande wa pili wa karatasi weka wanyama wadogo watatu wa kujibu "Pakawa".