Nusu Yangu Imelala Wapi?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mji wetu umejaa tena. Jumatatu asubuhi nilikuwa nimejibanza kwenye kibaraza kimoja pale Barabara ya Sokoine nikingoja mvua ipungue, ikapita bodaboda imebeba godoro lililokunjwa na kukazwa kwa kamba ya katani, juu ya godoro ndoo, ndani ya ndoo sufuria mbili na pasi, na nyuma ya hayo yote binti amekumbatia chane ya ndizi kama aliyekumbatia mtoto. Nikajua huyo katoka Rombo au Machame, na mama yake hakukubali aondoke mikono mitupu. Likizo imekwisha. Semista ya pili imeanza, na masika nayo haikungoja.

Karibuni tena Moshi, wanangu. Karibuni mliotoka Kigoma na Songea mkalala njiani, na ninyi wa Kibosho ambao mama anaweza kupanda daladala akawafuata akisikia hamjala. Wengine mmerudi mnatembea kifua mbele kwa sababu matokeo yamekaa vizuri. Wengine mna sapu mbili, mitihani ya kurudia, na nyumbani hamjasema. Najua pia kwamba bumu, ile fedha yenu ya mkopo wa chuo, halijaingia. Tutaliombea, ila tafakari ya leo si ya bumu.

Kila ninapoombwa, kama mlezi wa kikundi chenu, neno la kufungulia semista, huwa nakwenda kwa Danieli na wenzake watatu, wale vijana walioonekana kuwa bora mara kumi kuliko waganga wa Babeli. Ni neno tamu na nimelitumia mpaka limechakaa mdomoni mwangu. Safari hii naomba ruhusa nifungue mahali ambapo sijawahi kusikia mtu akipahubiri: Kutoka sura ya 38, kuanzia mstari wa 21. Waliowahi kujiwekea ratiba ya kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja wanapafahamu. Ni pale ambapo macho yanaendelea kusoma na mtu mwenyewe ameshalala.

Ni hesabu. Vifaa vya Hema, ile maskani ya ibada ya Waisraeli jangwani, vimekwisha kutengenezwa, na kabla ya kuendelea na mengine Musa anaagiza jumla ya vitu vilivyotumika iandikwe. Mimi nimekula mkate wa uhasibu tangu ujana hadi nikastaafu, na nakiri kwamba hata mimi niliiruka sura hii miaka mingi. Siku moja nikaisoma nikiwa na kikokotoo mkononi.

Wahesabiwa walikuwa watu 603,550, kila kichwa nusu shekeli ya fedha (shekeli ni kipimo cha uzito). Sura ya 30 ilishaonya kwamba tajiri asiongeze na maskini asipunguze. Nusu ni nusu. (Waliozaliwa kwenye mji wa ushirika watatambua harufu hiyo: mtu mmoja, kura moja, awe na miche 50 ya kahawa au 5,000.) Haya, gawanya kwa mbili. Unapata shekeli 301,775. Biblia inasema fedha iliyopatikana ilikuwa talanta 100 na shekeli 1,775. Talanta moja ni shekeli 3,000, na wataalamu wameipata hesabu hiyo hapa hapa kwenye mistari hii. Talanta 100 ni shekeli 300,000. Jumlisha zile 1,775. Inakaa. Haikubaki hata moja.

Halafu inakuja sehemu iliyonitoa machozi, na mke wangu akadhani nimepata habari ya msiba. Talanta 100 ziliyeyushwa zikasubiwa vitako 100, talanta moja kwa kitako kimoja. Vitako ni vile vikalio vya fedha ambavyo mbao za Hema zilisimama juu yake. Shekeli 1,775 zilizobaki zikafanya kulabu za nguzo na kufunika vichwa vyake. Pigeni hesabu wenyewe: katika kila kitako kuna nusu za watu 6,000. Na wale 3,550 waliobaki nusu zao ziko kwenye kulabu na vichwa vya nguzo. Mjane wa kabila la Dani aliyetaka kujua fedha ya marehemu mumewe iko wapi angeweza kuambiwa: ipo, inashikilia pazia.

Dhahabu haikuandikwa hivyo. Tumepewa jumla, talanta 29 na shekeli 730, lakini mchanganuo wa uzito haupo, isipokuwa kile kinara ambacho sura ya 37 inasema kilikula talanta moja. Ningekuwa mkaguzi ningeandika hoja. Labda Mungu alijua kwamba dhahabu huwa na watu wengi wa kuilinda, na nusu ya mnyonge haina mtu.

Sasa ni nani aliyeshika daftari? Mstari wa 21 unamtaja: Ithamari, mwana wa Haruni. Rudini nyuma sura sita tu. Haruni, baba yake huyo Ithamari, alikusanya dhahabu ya watu masikioni mwao, na ndugu yake Musa alipomwuliza imekwendaje, alitoa maelezo ambayo kwa maisha yangu yote kazini sijakutana na mabaya kuliko hayo: “nami nikaitupa ndani ya moto, akatoka ndama huyu.” Akatoka! Mwenyewe! Hakuna vocha, hakuna stakabadhi, hakuna fundi. Ndama ametoka. Nimewahi kukaa kwenye vikao ambapo fedha ya pembejeo ilielezwa hivyo hivyo: iliingia, mambo yakawa mengi, ikaisha.

Na Mungu anachukua mtoto wa nyumba hiyo hiyo anamkabidhi kitabu. Hakutafuta mtu wa ukoo usio na doa. Ithamari alikua akijua kila mtu kambini anakumbuka lile neno la baba yake, pengine watoto wenzake walimwigiza kisimani. Wewe uliyeingia na nondo, karatasi ya majibu ya kuibia, kwenye chumba cha mtihani semista iliyopita na Mungu akakusitiri ukatoka salama, au wewe ambaye jina la ukoo wenu linatajwa kwa kunong'onwa kwa sababu ya fedha za chama fulani, nakuomba ukae na jina hilo wiki hii. Ithamari. Lisome polepole.

Mji mnaosomea umejengwa kwa mizani, wanangu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza kujiunga mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, muungano wa vyama vyao vya ushirika. Bodi ya Kahawa iko hapa hapa mjini. Chuo chenu cha Ushirika kilianza mwaka 1963 kwa sababu vyama vilihitaji watu wa kuandika, na mwaka 2014 kikawa chuo kikuu. Vyama vyenyewe vilivunjwa mwaka 1976 na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Lakini chini ya tarehe zote hizo kuna mtu mmoja amesimama na gunia, na mwingine amesimama na kalamu.

Mimi nilikuwa yule wa kalamu. Nikiwa kijana wa miaka 23 nilipata kazi ya ukarani kwenye chama cha msingi kimoja huko juu milimani, jina lake naliacha. Mizani yetu ilikuwa ya kuning'iniza, uso wa duara, kioo chake kina ufa, mshale mwekundu. Mkulima anafika na kahawa yake ya maganda, tunatundika gunia, mshale unacheza, unatulia. Ukitulia kwenye 17 na nusu, naandika 17. Niliyemkuta kazini alinifundisha hivyo siku ya kwanza: nusu ni ya unyevu, kahawa inapungua ghalani, tusipofanya hivyo chama kitadaiwa. Maelezo yaliingia akilini. Mimi nilikuwa nimemaliza shule juzi, nitabishana na nani?

Msimu ulipokwisha, ghalani kulikuwa na magunia yasiyo na mwenyewe. Unyevu ulikuwa haukula hata robo ya tulichoutengea. Yaliuzwa kwa jina la mtu ambaye sijawahi kumwona, na jina hilo niliandika mimi kwa mwandiko wangu mzuri uliosifiwa. Nikapewa kitambaa cha shati.

Kabla ya msimu huo kuisha alikuja bibi mmoja. Gunia lake lilikuwa dogo, limeshonwa kwa mgomba. Mshale ulisimama 9 na nusu, nikaandika 9, nikamkatia stakabadhi. Hakuwa anajua kusoma lakini alimwomba mjukuu wake amsomee. Akanirudia taratibu, bila kelele.

“Mjukuu wangu, nimepita kwanza kwa mwenye bucha akanipimia. Kule ilikuwa na nusu. Nusu yangu imelala wapi?”

Nikamwambia habari ya unyevu. Akageuka akaitazama bucha, ambayo ilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua kama mia mbili. Akanitazama na mimi.

“Unyevu wa kutoka pale mpaka hapa?”

Akaondoka.

Sasa nirudi kwenu, maana najua mnasema mzee ameanza hadithi zake. Mnasomea taaluma. Wengine mwezi Mei mtakaa mitihani ya Bodi ya Wahasibu, na ninawaombea kwa majina. Luca Pacioli, mtawa Mfransisko wa Italia, ndiye aliyechapisha mwaka 1494 maelezo ya kuandika kila fedha mara mbili, kwa hiyo mkiichukia debiti na krediti usiku wa manane mjue mnamchukia mtu wa Mungu. Ninyi wa udaktari pale hospitali ya KCMC nusu yenu ni ya kidonge. Ninyi wa sheria ni neno moja kwenye mkataba. Sitaingia huko, si shamba langu.

Lakini chuoni nusu tayari zipo, na hizo ndizo zinanisumbua zaidi kuliko mambo makubwa mtakayokutana nayo mkishavaa tai. Rafiki yako yuko Memorial anachagua viatu vya mtumba, wewe umemsainia mahudhurio. Kazi ya kikundi imefanywa na wawili, majina ni saba. Na hili nalisema kwa upole kwa sababu linahusu nyumba yetu wenyewe: sadaka ya Jumatano, mhazini ameazima elfu mbili ya nauli, kwa nia safi kabisa, atarudisha bumu likiingia. Nimekuwa mlezi wa kikundi hiki muda wa kutosha kujua kwamba elfu mbili ile huwa hairudi. Siyo kwa sababu kijana ni mwizi, bali kwa sababu haikuandikwa. Kisichoandikwa kinageuka unyevu.

Kijana mmoja aliwahi kuniambia, “Mzee, huo ndio mfumo, mtu mmoja huwezi kuubadili.” Alikuwa na heshima, alinishikamoo kabla na baada. Sikumjibu vizuri siku ile. Leo ningemwambia kwamba Bezaleli, fundi mkuu wa Hema, naye hakuwa na mfumo, alikuwa na patasi. Kutoka 31 inasema Mungu alimjaza roho yake, “katika hekima, na maarifa, na ujuzi”, na kazi aliyojaziwa roho hiyo ilikuwa kuchonga mbao na kukata vito. Hatukusoma kwamba alihubiri hata mara moja. Na watu walipoleta vifaa kupita kiasi, mafundi ndio waliokwenda kwa Musa kumwambia vimezidi, azuie visije tena. Mradi gani mmewahi kuusikia ukirudisha fedha kwa sababu imetosha? Nauliza tu.

Alhamisi saa kumi na moja jioni tunaanza. Tutasoma Kutoka 30 hadi 40 kwa wiki nne, polepole, na nawaomba mje na vikokotoo, sitanii. Wageni wa mwaka wa kwanza ambao semista iliyopita mlikuwa mnaona aibu kuingia, mlango wa pembeni huwa uko wazi na chai ipo. Wenye sapu, tuna kaka na dada wa mwaka wa tatu waliojitolea kuwafundisha. Njooni mseme somo gani, hakuna atakayeuliza zaidi ya hapo. Na mhazini wetu mpya ameniomba daftari la kurasa zenye namba, nimeshalinunua.

Tuombe. Bwana, hawa watoto wamefika salama, asante kwa kila dereva. Wape chakula, wape vyumba visivyovuja masika hii. Wape macho ya kuiona nusu. Amina.

Kuna aliyeniuliza zamani, nilipoisimulia habari hii kwa mara ya kwanza, kama ni Neno lililonigeuza. Ningependa kusema ndiyo. Ukweli ni kwamba zilikuwa zile hatua mia mbili. Nilizitembea mwenyewe jioni ile, kwenda na kurudi, nikizihesabu. Msimu uliofuata nikaanza kuandika nusu. Mkuu wa kituo aliacha kunisalimia, na kabla ya Krismasi nilikuwa nimehamishiwa kwenye mbolea.

Lakini yule bibi aliniwahi mezani. Mshale ukasimama 11 na nusu, nikaandika 11 na nusu, nikamkabidhi karatasi. Safari hii hakumpa mjukuu. Aliishika mwenyewe, akaigeuza geuza, akaniomba nimwonyeshe nusu imeandikwa wapi. Nikamwonyesha. Akaweka kidole chake juu ya wino uliokuwa bado haujakauka vizuri.

“Hapa?”

“Hapo, bibi.”

Akaifunga kwenye pindo la kanga, akajitwika gunia tupu na kuanza kupanda mlima. Ile ya msimu uliopita hakuiuliza, na mimi, nikiwa nimevaa lile shati, sikuitaja.