Chokoleti kwenye jiwe la bibi, Uyole

Fundi keki mmoja wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, ndiye aliyenitia hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyonipikia chokoleti. Nilimwambia nataka kutengeneza chokoleti nyumbani kwa kokoa ya Kyela, akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Dada, chokoleti ni mashine ya mamilioni. Bila mashine utapata tope lenye chenga."

Sikumjibu, sikuwa na jibu. Nililipata baadaye, niliposoma habari za Modica, mji wa kisiwa cha Sicily, Italia. Sicily ilikuwa chini ya wafalme wa Hispania kwa karne kadhaa, na ni Wahispania walioleta Ulaya kokoa ya Mexico, pamoja na ufundi wa kuisaga kwenye jiwe waliloliita metate. Ulaya nyingine ilihamia viwandani. Mwaka 1879 Rodolphe Lindt wa Uswisi alibuni mashine ya kuikanda kokoa muda mrefu mpaka inateleza ulimini, na tangu hapo watu wakaamini chokoleti ni hiyo tu. Modica hawakuhama. Kokoa wanaipasha vuguvugu, nyuzi 40 hadi 45 hivi, wanatia sukari ambayo haiyeyuki, na ukitafuna unazisikia chembe zake zikisagika. Hawatii maziwa, hawaongezi siagi ya kokoa. Bonajuto, duka la pale, lipo tangu 1880. Na 2018 Umoja wa Ulaya ukailinda chokoleti ya Modica kwa jina la mji wake. Kwa hiyo lile tope lenye chenga lina hati.

Jiwe tunalo. Ni la marehemu bibi, alisagia ulezi Tukuyu, jeusi, limebonyea katikati kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Miaka yote lilikuwa linazuia mlango wa banda la kuku.

Kokoa nilipewa na shangazi yangu wa Kyela, kama kilo tatu. Nauli sihesabu, maana nilikuwa naenda msibani hata hivyo. Ila mkiomba kokoa, ombeni iliyovundikwa. Mara ya kwanza binamu yangu alinipa iliyoanikwa juani moja kwa moja, nikaikaanga kwa mbwembwe zote, ikawa chungu inayokausha mdomo kama ndizi mbichi. Shangazi alichukua punje moja akaipasua kwa kisu, ndani zambarau. "Hii haijavundikwa, mwanangu. Yangu hukaa kwenye sanduku siku sita, nimeifunika majani ya mgomba, naigeuza." Akapasua yake. Kahawia, imechanika ndani kama figo. Kukaanga sina la kueleza, ni kama karanga, moto mdogo na mkono usiache mwiko.

Kutoa maganda ndiko kulikoniumbua. Video moja niliyoiangalia ilisema punje zikishapondwapondwa uzipulizie draya ya nywele, maganda yataruka na kiini kitabaki. Nikaazima draya kwa jirani mwenye saluni. Nilifanyia sebuleni, mpumbavu mimi, kwa sababu nje kulikuwa na baridi ya Juni. Nilipowasha, maganda yaliruka kweli, na kokoa ikayafuata. Ilitua kwenye makochi, kwenye pazia, kwenye chai ya mume wangu aliyekuwa anaangalia mpira. Hakusema neno. Alitoa ganda kwenye kikombe, akalitazama, akalirudisha. Mama mkwe alikuwa ametembelea siku hiyo, akatoka chumbani, akaiangalia draya, akaniangalia mimi, akauliza kwa upole ule unaouma: "Kwani ungo umeibiwa?" Alikaa kwenye kigoda uani, akapepeta robo saa, sufuria nzima ikawa safi kuliko mchele wa dukani. Mpaka leo bado naokota maganda nyuma ya kochi. Draya nilirudisha inanukia chokoleti, mwenye saluni anasema wateja wamependa.

Kusaga sasa. Nilianzia kwenye kinu cha karanga, kinu kinafika mahali kinagoma: unapata unga wa mafuta, haujalainika. Jiwe ndilo linalofanya kazi, likipata joto. Metate za Mexico nazo huwekewa makaa chini. Mimi siku ya kwanza niliweka makaa yanayowaka, kokoa ikaanza kunuka moshi, na jiwe likatoa mlio uliofanya moyo uniruke, nikaona namvunjia bibi jiwe lake. Tangu hapo naweka makaa machache yaliyokwisha kufunikwa na majivu, na nagusa jiwe kwa kiganja. Mkono ukivumilia ukahesabu mpaka kumi, hapo hapo. Kipimajoto sina. Baada ya saa moja hivi mafuta yanaanza kutoka yenyewe, inakuwa uji mweusi unaong'aa. Saa ya pili mabega si yako tena. Saa ya tatu binti yangu alikumbuka ana homework.

Hapo ndipo nilipomkumbuka fundi keki, aliyewahi kuniambia uji ukiwa mzito ongeza maziwa kidogo. Niliongeza vijiko viwili. Wallahi, ndani ya dakika ulikaza kama udongo wa kufinyangia vyungu, mwiko ukasimama wenyewe. Kokoa na tone la maji hawapikiki chungu kimoja, na maziwa ni maji tu yenye heshima. Kilo nzima ile tuliinywa kwa chai wiki mbili. Sasa hata bakuli nalifuta mara mbili kwa kitambaa kikavu. Na ndiyo sababu sukari haiyeyuki kwenye chokoleti ya aina hii: hakuna maji ya kuyeyushia, na joto lenyewe dogo. Niliposoma hivyo niliacha kujilaumu kwa zile chenga.

Kuchanganya sukari natumia bakuli ndani ya beseni la maji ya kuogeshea mtoto, yaliyozidi moto kidogo. Vikombe vitatu vya kokoa, viwili vya sukari ya kawaida ya dukani, ile yenye chembe kubwa. Modica hutia mdalasini, vanila au pilipili. Mimi natia mdalasini na pilipili kichaa moja iliyokaushwa. Iliki nilijaribu, ikawa kama nakula pilau.

Kisha unamimina kwenye vibati na kuvigonga mezani, vigonge hasa, mpaka viputo vya hewa vitoke na juu kung'ae. Niligonga saa nne usiku, mwenye nyumba akabisha hodi akidhani tunapigana. Friji sikuhitaji. Uyole mwezi wa sita ukiweka dirishani, asubuhi imeganda na inakatika kwa mlio.

Gharama? Sukari, mkaa, mdalasini, vibati, kama elfu kumi na tano, na makochi sijayafua.

Vipande kumi nilimpelekea shangazi. Kyela si Uyole. Nilitoka na koti, tulipoteremka Tukuyu nikalivua, na nilipofungua mfuko kwake vipande vilikuwa vimelegea, vimeshikana. Miaka yote hiyo analima kokoa na kuipeleka ghalani kwenye chama cha msingi, na ladha ya chokoleti hakuijua. Alikwangua kwa kijiko, akatafuna polepole, krr, krr.

"Sukari haijaiva," akasema.

"Ndivyo inavyotakiwa, shangazi. Kuna mji Italia wanafanya hivi hivi."

Akanitazama kama anavyomtazama fundi anayemwambia mlango uliopinda ndio mtindo wa kisasa. Halafu akasogeza mfuko upande wake, mbali na wajukuu.